Spitfire yako inaokoleka: rangi inayobanduka, stika zenye ukungu na kioo kilichopauka

Swali la msomaji wa Majengo, Moshi: Kaka yangu aliniletea kutoka Uingereza modeli ya plastiki ya kampuni ya Airfix: ndege ya kivita ya Uingereza, Spitfire Mk.Ia, ya kipimo cha 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi). Nimeiunga kwa supaglu na kuipaka rangi za maji kwa brashi. Nilipofunika bawa la kushoto ili nirudie rangi ya kijani, tepu niliyonunua duka la vifaa vya ujenzi ilibandua rangi mpaka plastiki ikaonekana. Stika za ubavuni zina ukungu wa fedha pembezoni. Kioo cha rubani kimekuwa cheupe upande wa ndani. Je, inaokoleka? Ninunue nini hapa hapa, maana duka la modeli hatuna? Na je, ipo ndege ya vita iliyoruka huku kwetu ninayoweza kujenga baada ya hii?

Jibu: Inaokoleka, ndugu, na usitupe hata kipande kimoja. Makosa hayo matatu yanaonekana tofauti lakini asili yake ni moja: kuna kitu kimekaa kati ya tabaka mbili mahali ambapo hakikutakiwa kuwepo. Kati ya plastiki na rangi kuna mafuta, kati ya rangi na stika kuna hewa, na kioo kimevikwa mvuke wa supaglu. Kila tiba hapa chini ni njia ya kukitoa kitu hicho au kukizuia kisiingie tena.

Anza na kioo, kwa sababu lazima kitoke kabla hujagusa kingine. Supaglu inapokauka hutoa mvuke, na mvuke huo ukikutana na unyevu au alama za vidole hugandia hapo kama vumbi jeupe. Chumba cha rubani cha 1/72 ni kidogo mno; ukishakifunika, mvuke hauna pa kutokea, ndiyo maana ukungu wako uko ndani. Iweke ndege kwenye kontena la plastiki lenye kifuniko, kisha kwenye friza kwa saa tatu au nne. Baridi huifanya supaglu iwe kavu na rahisi kuvunjika. Itoe, ingiza ncha ya wembe kwenye kona ya nyuma ya kioo, na usokote kidogo sana. Kikigoma, kirudishe kwenye friza. Usikilazimishe, kwa kuwa plastiki angavu haipindi, hupasuka.

Kikishatoka, chovya pamba ya masikio kwenye dawa ya meno nyeupe ya kawaida (siyo ya jeli) na usugue kwa miduara midogo kwa dakika kadhaa, kisha suuza. Ukungu mwepesi huisha hapo. Ukibaki, pitisha msasa wa maji namba 1200 ukiwa umelowa, halafu 2000, halafu rudia dawa ya meno. Malizia kwa kupaka tabaka jembamba la vanishi ya maji ya kung'aa pande zote mbili. Hiyo hujaza mikwaruzo midogo na kioo hurudi kuwa angavu. Siku ya kukirudisha, tumia gundi nyeupe ya mbao. Weka kwa kijiti cha meno uzi mwembamba kuzunguka ukingo, weka kioo mahali pake, futa iliyozidi kwa pamba iliyoloa, na uiache usiku mzima. Gundi hii hukauka ikawa angavu, haitoi mvuke unaochafua kioo, na huziba mwanya wa mbele ya kioo bila puti.

Sasa bawa. Vipande vya plastiki hutengenezwa kwenye moldi, na moldi nyingine hupakwa mafuta ili kipande kitoke bila kung'ang'ania. Mafuta hayo hubaki juu ya plastiki, na vidole vyako vinaongeza ya kwao kila unaposhika. Rangi za maji hukauka zikawa kama ngozi nyembamba laini. Hazichimbi plastiki, zinaishikilia kwa juu tu. Bila praima (rangi ya msingi inayopakwa kwanza ili ya juu ishike), tepu yenye gundi kali huiondoa ngozi hiyo nzima, na ndivyo ilivyotokea.

Kama stika zisingekuwepo ningekwambia uvue rangi yote. Kwa kuwa zipo, na seti ya pili huna, shughulikia bawa la kushoto peke yake. Lowesha pamba kwa spiriti ya kusafishia vidonda, ilaze juu ya bawa kwa dakika tano, kisha sugua na mswaki laini wa zamani. Rudia mpaka plastiki iwe wazi. Spiriti huvua rangi za maji bila kudhuru plastiki, ila ikifika kwenye stika itaiharibu, kwa hiyo kamua pamba vizuri na uishie kwenye ungio la bawa na kiwiliwili. Usijaribu petroli, thina ya magari wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye asetoni. Vyote hivyo huyeyusha plastiki, na mistari ya mabati (inayoiga mishono ya ndege halisi) iliyochongwa kwa ustadi hupotea kwa sekunde chache. Baada ya hapo osha bawa kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kausha, na kuanzia dakika hiyo lishike kwa kingo tu.

Praima utaipata kwenye maduka ya rangi za magari, Arusha na Moshi kote: kopo la kupulizia la kijivu. Ina viyeyushi vikali, na hapa ndipo watu wengi huharibu kazi. Ikipulizwa kwa wingi mpaka ikalowa, huilainisha plastiki na kuiacha na mabaka kama ngozi ya chungwa. Viringisha kiwiliwili kwa gazeti na ufunge kwa uzi, siyo tepu. Simama sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye bawa, anza kupuliza nje ya bawa na umalizie nje yake, mkono ukitembea muda wote. Mpulizo wa kwanza uwe kama ukungu, kiasi cha plastiki bado kuonekana chini yake. Subiri dakika 15, rudia, mara tatu kwa jumla. Kabla ya yote jaribu kwenye fremu iliyoshikilia vipande, ambayo natumaini hujaitupa; kama uso wake utakunjamana, kopo hilo halifai. Fanya nje, upepo ukiwa nyuma yako, na uvae barakoa yenye vichujio vya mvuke. Ile ya kitambaa haizuii kitu.

Kuhusu brashi: rangi ikitoka moja kwa moja kwenye chupa ni nzito mno, na alama za nywele za brashi hutokana na hilo. Ipunguze mpaka iwe kama maziwa. Tumia maji ya betri yaliyo safi (hakikisha siyo asidi), kwa sababu maji yenye chumvi nyingi ya madini, ambayo huku kwetu ni ya kawaida, huacha madoa meupe yakikauka. Chukua brashi bapa ya milimita 8 hadi 10, paka kuelekea upande mmoja, na mahali ulipokwishapita usirudi hata ukiona pengo. Tabaka la kwanza litaonekana baya, lenye mabaka, na hapo mtu hushawishika kuongeza rangi nzito. Vumilia. Tabaka la pili lipite kukatisha la kwanza, na la tatu au la nne litafunika sawasawa. Acha angalau nusu saa kati ya tabaka na tabaka.

Kwa joto la Moshi la Januari na Februari rangi hukaukia kwenye brashi kabla haijafika kwenye bawa. Chukua kontena bapa la chakula, tandaza sifongo iliyoloa, juu yake karatasi ya kuokea, na uchanganyie rangi yako hapo. Itakaa laini kwa saa nyingi. Glisirini ya duka la dawa nayo huchelewesha ukaukaji, ila tone moja kwa matone ishirini ya rangi linatosha. Ukizidisha, rangi itabaki inanata siku nzima.

Ukija kufunika tena, subiri saa 24 kamili. Tepu ya mafundi rangi ina gundi ya kushika ukuta, kwa hiyo kwanza ibandike kwenye suruali ya jinzi na kuibandua mara tatu nne ili ipungue nguvu. Kata ukingo mpya kwa wembe juu ya kioo cha dirisha, kwa sababu ukingo wa dukani umeshajaa vumbi. Unapoibandua, ikunje ijirudie yenyewe, ivute taratibu ikiwa imelala karibu na bawa. Na popote kwenye kiwiliwili chako, ambacho bado hakina praima, usiweke tepu kabisa.

Kwa mipaka ya rangi za kuficha ndege kuna njia nzuri zaidi kuliko tepu. Mchoro wa rangi uliomo kwenye maelekezo upeleke duka la steshenari ukakuziwe kwa fotokopi. Spitfire halisi ilikuwa na upana wa mita 11.23 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, yaani milimita 156 kwa 1/72. Pima upana wa bawa kwenye mchoro, gawanya 156 kwa namba hiyo, na hiyo ndiyo asilimia ya kukuza: mchoro wa milimita 120 unakuzwa kwa asilimia 130. Kata umbo, lishikize kwa vipande vidogo vya plastisini, na uchore mpaka kwa penseli laini. Kisha jaza kwa brashi. Kwa 1/72 mpaka mkali unaonekana vizuri kabisa, na anayekudai mpaka uliofifia anasahau udogo wa kitu kilicho mbele yake.

Rangi zenyewe, kwa ndege ya majira ya joto ya 1940: juu ni udongo (Dark Earth) na kijani kizito (Dark Green), chini ni Sky, ambayo ni kijani hafifu kilichochanganyika na krimu, ukiweka buluu umekosea. Kwa rangi za kampuni ya Humbrol namba zake ni 29, 30 na 90. Kabla ya Juni 1940 Spitfire nyingi zilikuwa chini bawa moja jeusi na jingine jeupe, kwa hiyo angalia tarehe ya ndege uliyoichagua. Mkanda wa Sky kuzunguka mkia na pua ya pangaboi yenye rangi hiyo hiyo vilianza mwishoni mwa Novemba 1940. Ukiviweka kwenye ndege ya Agosti umechanganya nyakati mbili. Alama za duara juu ya mabawa ni nyekundu na buluu tu, bila nyeupe. Ncha za pangaboi zina njano ya inchi 4, ambayo kwa kipimo chako haifiki hata milimita moja na nusu.

Stika sasa. Rangi isiyong'aa, hata ikionekana laini kwa macho, uso wake una vilima na mabonde madogo sana. Stika hulala juu ya vilima, hewa inabaki mabondeni, na mwanga ukiipiga hewa hiyo unaona fedha. Dawa yake ni kuyajaza mabonde kwanza: tabaka mbili nyembamba za vanishi ya kung'aa, saa 24 za kukauka, ndipo stika. Kila moja ikate peke yake, ichovye kwenye maji kwa sekunde 10 hadi 15, kisha iache juu ya karatasi laini mpaka iteleze yenyewe. Lowesha mahali inapokwenda, itelezeshe kwa brashi, na uikamue kwa pamba iliyoloa kutoka katikati kwenda nje. Siki nyeupe kijiko kimoja kwa maji vijiko viwili, ikipakwa chini na juu, husaidia stika kulainika na kuingia kwenye mistari.

Zako ambazo tayari zina ukungu, zichome kwa ncha ya sindano matundu mengi madogo mahali penye fedha, na mahali stika inapopita juu ya mstari wa mabati ikate kwa wembe mpya kufuata mstari. Paka dawa ya kulainisha stika kama Micro Sol. Stika itakunjamana na kuonekana imeharibika. Usiiguse! Ndani ya saa moja au zaidi itajinyoosha na kulala. Rudia kesho yake kama fedha bado ipo. Ukiwa na siki tu, itumie bila maji na utarajie kurudia mara nyingi zaidi, kwa kuwa nguvu yake ni ndogo. Pembe ya utando angavu itakayogoma kabisa ipakie rangi ya jirani kwa brashi ndogo, ukiifuata mipaka ya alama. Mwisho, futa mabaki kwa maji ya betri, acha usiku mzima, na upake vanishi isiyong'aa ndege nzima. Vanishi hiyo ndiyo itakayokilinda pia kiwiliwili kisicho na praima.

Kuhusu manunuzi, sehemu kubwa iko mjini. Maduka ya rangi za magari yana msasa wa maji namba 400, 800, 1200 na 2000, praima na puti. Puti iweke kwa tabaka zisizozidi milimita moja, kwa sababu nene husinyaa na kuacha bonde. Mwanya wa ungio la bawa uzibe kwa gundi nyeupe ya mbao na kuifuta kwa pamba iliyoloa, hutahitaji msasa. Duka la vifaa vya hospitali lina bledi za upasuaji na vibano vizuri kuliko vya urembo. Kikata kucha kilichonyooka kinatosha kutolea vipande kwenye fremu: kata mbali kidogo na kipande, kisha nyoa kisiki kwa bledi.

Gundi ndiyo shida. Gundi ya kweli ya modeli huyeyusha kingo mbili zikawa plastiki moja, wakati supaglu hukaa katikati tu na kuachia kipande kikidondoka. Gundi hiyo ya modeli ni kitu kinachowaka, kwa hiyo haisafirishwi kwenye mzigo wa ndege wa kawaida, sawa na rangi za mafuta na makopo ya kupulizia. Mwambie kaka yako alete rangi za maji, vanishi za maji na dawa ya stika. Badala ya gundi hiyo, mafundi wa modeli hutumia thina ya rangi za magari kwa kiasi kidogo sana: bana vipande viwili pamoja, gusa mshono kwa ncha ya brashi nyembamba, nayo hutiririka yenyewe ndani ya ungio. Shikilia nusu dakika, acha usiku mzima. Thina hutofautiana kwa mchanganyiko, kwa hiyo jaribu kwenye fremu kwanza. Dirisha liwe wazi, moto usiwepo, watoto wawe mbali, na chupa ifungwe kila baada ya kuchovya. Kwenye kioo cha rubani usiitumie kamwe.

Majira nayo yahesabu. Wakati wa masika usipulize praima asubuhi yenye unyevu. Viyeyushi vikiruka hupoza uso wa rangi, unyevu wa hewa unatua juu yake na kuacha weupe. Subiri mchana mkavu. Juni mpaka Agosti, hasa Arusha iliyo mwinuko wa mita 1,400 hivi, ongeza muda wa kukauka mara mbili, na rangi za mafuta uzipe siku tatu au zaidi. Kiangazi adui ni vumbi: kila ukimaliza tabaka, funika ndege kwa kontena la plastiki lililogeuzwa.

Na hilo la ndege ya huku kwetu: jenga B.E.2c, ndege ya Uingereza ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kikosi namba 26 cha anga cha Uingereza, kilichoundwa na watu wa Afrika Kusini, kilishuka Mombasa mwishoni mwa Januari 1916 na kuruka kutoka Mbuyuni (ile ya upande wa Kenya, siyo soko la Moshi) wakati majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts wa Afrika Kusini yakipita chini ya Kilimanjaro kuiteka Moshi kutoka kwa Wajerumani mwezi Machi. Airfix wameshaitoa kwa 1/72. Upana wake ni karibu milimita 157, karibu sawa na Spitfire yako, ingawa injini yake ilikuwa ya nguvu za farasi 90 dhidi ya zaidi ya 1,000 za Spitfire.

Ugumu wake ni mabawa mawili ya ghorofa na waya nyingi kati yake. Paka rangi mabawa yote kabla ya kuyaunganisha, na toboa matundu ya waya kwa pini kabla ya rangi. Waya zenyewe zitengeneze kwa fremu: pasha kipande cha sentimita 6 juu ya mshumaa, mbali na thina, ukikizungusha mpaka kilegee katikati. Kitoe kwenye moto, hesabu moja, kivute polepole na ukishikilie kimenyooka mpaka kipoe. Ukivuta haraka unapata uzi mwembamba zaidi, na kwa 1/72 unene wa unywele ndio unaotakiwa. Kata kwa urefu uliopimwa kwa bikari, gusa ncha kwa gundi nyeupe, weka kwa kibano. Uliolegea utanyooka ukiusogezea kijiti cha ubani kilichotoka kuzimwa, bila kuugusa.